Birika la Baba Labhu

Maji yalikuwa yamepanda, na ndani hamkuwa na mtu.

Gomti aliliona jambo hilo adhuhuri moja ya kaskazi, akiwa ameketi ukingoni mwa birika na kamba mapajani, akimngoja mumewe afunge duka aje kuogelea. Ukutani mwa birika, kwa ndani, karibu na vidato vya kushukia, fundi fulani wa zamani alikuwa amepachika sahani ya kauri, nyeupe, yenye ua la buluu katikati. Birika likiwa halina mtu, maji yaliishia kwenye mdomo wa chini wa sahani ile. Mumewe akiingia, naye hakuwa mtu mwembamba, maji yalipanda vidole viwili yakalifunika ua. Akitoka, ua lilionekana tena. Ndivyo ilivyokuwa kila siku, na Gomti, ambaye kazi yake pale ilikuwa kushika kamba na kutazama maji, alilizoea ua lile kama alivyozoea bangili zake mwenyewe.

Siku ile ua lilikuwa chini ya maji.

"Nyevu," aliita, "umeongeza maji birikani?"

Nyevu, mwanamke wa Kigiriama aliyemsaidia kazi za nyumba, alichungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Mimi, Mama? Tangu juzi sijapeleka hata ndoo moja huko."

"Na mvua haikunyesha."

"Mvua ya wapi na jua hili?"

Mumewe akaja, akavua shati, akashuka vidato huku akilalamika kwamba maji ni baridi. Maji yakapanda tena. Safari hii yaliipita sahani nzima mpaka mdomo wake wa juu, vile ambavyo yangepanda kama wangekuwa wawili wanaooga pamoja.

Mume huyo aliitwa Jamnadas. Sisi twaweza kulitaja jina hilo tutakavyo, lakini Gomti hakuwahi kulitia kinywani tangu aolewe. Kwa Wahindi wa kwao, mke hamtaji mumewe kwa jina. Mamaye alimfundisha kwamba kila mke alitamkapo, humpunguzia mume siku za kuishi. Shangazi yake alilitaja jina la mumewe asubuhi moja kwa hasira, na mwezi haukwisha akawa mjane. Basi Gomti alimwita mumewe Baba Labhu, kwa ajili ya binti yao Labhuben aliyeolewa Mombasa. Mteja akimuuliza duka ni la nani, alicheka akaelekeza kidole kwenye ubao wa mlangoni.

"Litaje mara moja tu," Jamnadas alikuwa akimchokoza. "Nife nikiwa nimelisikia."

"Toba! Maneno gani hayo?" Na Gomti hufunika kinywa chake kwa ncha ya sari, amekasirika kweli kweli, mumewe akicheka mpaka akohoe.

Na kukohoa kwake ndiko kulikoleta mambo yote haya. Jamnadas alikuwa na pumu. Akipanda ngazi za ghorofani alisimama katikati, kifua kikipiga filimbi, kisha akakohoa kwa namna yake: mara mbili kwa ufupi, halafu mara moja kwa mkwaruzo mrefu. Majirani walikijua kikohozi kile kuliko walivyoijua sauti yake. Daktari mmoja wa Mombasa alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba ama aogelee kila siku, mwili upungue na kifua kifunguke, ama mwaka ule hataumaliza.

Bahari ilikuwa karibu, utasema. Lakini bahari ya Malindi, Mto Sabaki ukijaa, hugeuka rangi ya matofali, na isitoshe wapagazi wa pwani wangekaa kitako kulitazama tumbo la Banyani likielea. Jamnadas angekufa kwa haya kabla ya kufa kwa pumu. Akaligeukia birika lililokuwa nyuma ya nyumba yao.

Nyumba ile ilikuwa mtaa wa Shella, mjini Malindi, ya mawe, ya watu waliokuwa wamehamia Unguja zamani. Birika lake lilikuwa dogo, kina cha kifuani, urefu wake kama watu wawili wakilala wamefuatana. Tena lilikuwa limejaa mawe. Si kifusi kilichotupwa ovyo; yalikuwa mawe ya matumbawe yaliyopangwa safu juu ya safu, na juu yake imepigwa chokaa kama sakafu. Jamnadas aliona ni uvivu wa watu wasiopenda kusafisha birika. Vibarua wakatoa safu baada ya safu, na walipofika ya mwisho wakaweka mitaimbo chini wakasema matumbo yanawauma. Yeye mwenyewe akashuka kuyatoa mawe yaliyobaki, akipumua kwa taabu, akiwatukana vibarua kwa lugha ya kwao.

Birika dogo halina nafasi ya kuogelea. Ukinyoosha mkono mara mbili umegonga ukuta. Jamnadas alisimika nguzo ya mkoko ukingoni, akaifunga kamba ya makumbi, na ncha ya pili akafungwa kiunoni, akawa anaogelea bila kwenda popote, kamba imemzuia kwa nyuma, yeye anachapa maji kwa mikono na miguu. Gomti ndiye aliyemfunga. Alitumia fundo la marobota ya pamba alilofundishwa na babaye, ambalo likishalowa halifunguki mpaka likauke.

"Kaza," alimwambia kila siku. "Nisije nikajikuta Bombei."

Na tuseme haki, dawa ilifanya kazi. Shuka lilianza kumlegea kiunoni. Ngazi alizipanda bila kusimama. Usiku Gomti aliamka akitafuta ile filimbi aliyoizoea ubavuni mwake, akausikia ukimya, akamshukuru Mungu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukilia. Kwa hiyo alipoona maji yamepanda na ndani hamna mtu, alijiambia kwamba macho yamemdanganya, na kesho yake hakuitazama sahani.

Lakini pua haifungiki. Siku chache baadaye harufu ilianza kutoka birikani wakati wa jua kali, harufu ya kafuri. Gomti aliisikia akaburudika, maana kwao kafuri huwashwa mbele ya miungu. Nyevu aliisikia akaacha kuosha vyombo.

"Mama, ni nani aliyetia kafuri majini?"

"Hakuna. Kwani vibaya? Yanukia vizuri."

"Hapa mjini kafuri hupakwa maiti," alisema Nyevu kwa sauti ya chini. "Mimi nilimsaidia jirani kumwosha mamaye. Harufu ni hiihii."

Tangu siku ile Nyevu alikataa kufua karibu na birika, akawa anabeba nguo zote hadi kisimani.

Siku moja jua likitua, Gomti alikuwa jikoni akichagua dengu. Aliita kama alivyozoea, bila kuinua kichwa. "Baba Labhu! Chai tayari!"

"Naam, Mama Labhu. Naja."

Ilikuwa sauti ya mumewe, na ilitoka uani. Gomti aliinua kichwa. Aliweka ungo chini, akaenda hadi mlango wa nyuma, akijiuliza mtu huyu ameanza lini kuogelea magharibi, tena bila kufungwa kamba. Uani hakuna mtu. Kamba ilikuwa imezungushwa kwenye nguzo, kavu, kama alivyoiacha yeye mwenyewe. Maji yalikuwa yametulia kabisa, yamepanda, ua limefunikwa, na katikati ya utulivu ule yakawa yanajikunja kidogo mahali pamoja, kama maji yanavyojikunja juu ya mdomo wa mtu apumuaye chini yake.

Nyuma yake mlango wa mbele ukalia. Jamnadas aliingia kutoka dukani, funguo mkononi.

"Chai iko wapi?" alisema. "Mbona umesimama hivyo?"

Gomti alimshika mkono, akaupapasa kama mtu anayekagua kitambaa, akaona kwamba ni mkavu na una joto, akaanza kulia.

Alimweleza yote usiku ule, kwa kunong'ona, ingawa walikuwa peke yao chumbani. Jamnadas hakumcheka. Hilo ndilo lililomtisha Gomti zaidi, maana alikuwa mtu wa kucheka kila kitu.

"Mimi pia," alisema. "Nikiwa chini ya maji nasikia mtu anahema sambamba nami. Nikivuta anavuta. Nikitoa anatoa."

"Na hukuniambia!"

"Ningekwambia ungenikataza."

"Nakukataza sasa. Usiingie tena humo, Baba Labhu. Nakuomba."

Hakuingia kesho yake, kwa kumpendeza. Kufikia alasiri filimbi ilikuwa imerudi kifuani. Jioni alikuwa ameinama juu ya kaunta, midomo imegeuka samawati, akikohoa kile kikohozi chake, mara mbili fupi na mara moja ndefu, mara mbili fupi na mara moja ndefu, bila kupata nafasi ya kuvuta pumzi, mpaka Gomti na Nyevu wakamkokota nyuma ya nyumba na kumteremsha birikani akiwa na nguo zake. Maji yalipomfika shingoni tu, kifua kikafunguka. Alipumua kwa raha kama mtoto aliyenyonya akashiba.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Nikitoka nakufa. Niache."

Gomti aliona. Aliona kwamba mumewe ataondoka kwa njia moja au nyingine, na kwamba yeye ameshika kamba tu.

Siku iliyofuata, Jamnadas alimaliza kuogelea akaja kupumzika ukingoni, karibu na nguzo, viwiko juu ya sakafu, akimweleza Gomti kwa furaha juu ya maembe waliyompelekea Labhuben kila mwaka, kwamba safari hii atayapeleka Mombasa yeye mwenyewe. Kamba ilikuwa imelegea nyuma yake majini, imeelea kama utumbo. Gomti alikuwa akimtazama usoni, akicheka kidogo kwa ajili ya maembe, ndipo kwa pembe ya jicho akaiona ile sehemu iliyolegea ikianza kuzama, polepole, bila haraka, ikishuka kuelekea pembe ya mbali ya birika ambako hapakuwa na mtu, ikinyooka, ikikazika, mpaka nguzo ikalia, na mumewe akakatiza neno katikati akasema, "Mbona unavuta?" naye akainua mikono yake mitupu amwonyeshe kwamba havuti, kwamba hakuwa ameigusa kamba tangu alipomfunga, na kabla hajaishusha mikono ile Jamnadas akawa ameondoka ukingoni, hakupiga kelele, hakurusha maji, alizama tu na uso wake umemwelekea mkewe, na maji yakapanda yakaifunika sahani.

Gomti aliishika kamba akavuta, na Nyevu, ambaye alikuwa ameapa hatakanyaga pale, akaja mbio akavuta naye. Ilichukua muda mrefu kuliko muda wowote ambao mtu mwenye pumu angeweza kukaa bila hewa. Alipotokeza, hakuwa akihema. Alikuwa akitabasamu.

"Huko chini sihitaji kuvuta pumzi," alisema. "Anavuta yeye kwa ajili yangu."

Nyevu hakusubiri kuagizwa. Alijitanda leso yake akaenda kijiji cha Ganda kumwita shangazi yake.

Shangazi huyo aliitwa Kahonzi, mganga, mwanamke wa makamo aliyevaa hando, lile vazi la marinda la Kigiriama, ugoro chini ya mdomo, mwepesi wa kucheka. Alifika asubuhi ya siku ya pili. Hakuomba kigoda. Alienda moja kwa moja birikani, akachovya kidole, akaramba, akatema mate pembeni, na kicheko kikatoweka usoni mwake.

"Nani aliyetoa mawe humu?"

"Mimi," alisema Jamnadas.

"Ukadhani yamepangwa kwa mapambo?"

Jamnadas akatazama chini kama mwanafunzi.

"Humu mlikuwa mmefungwa jini," alisema Kahonzi. "Wenye nyumba walimfunga kwa mawe, wakahama. Mwenyewe hana nguvu ya kutoka. Hutoka kwa kuacha mwili wa mtu mahali pake, naye akaivaa sura tupu ya mtu huyo akaenda zake. Wewe, bwana, amekutengeneza polepole. Amekupa pumzi yake ili uzoee kukaa kwake."

"Basi sirudi majini."

"Na juzi ulipokaa nje siku moja, ilikuwaje?"

Jamnadas akajishika kifua.

"Lazima muachanishwe ukiwa ndani," aliendelea Kahonzi. "Mimi nitatia dawa, itamvuruga, atakuachia. Lakini atapanda pamoja nawe, na kamba ni moja. Hapo ndipo mkeo atakapoita." Alimgeukia Gomti. "Wewe uliyelala naye kitanda kimoja, si mwingine. Utaita jina alilopewa na mamaye. Haya majina mnayoitana hapa uani, jini ameyasikia yote, amekwisha kuyahifadhi. Je, jina lenyewe limewahi kutajwa karibu na maji haya?"

Gomti alitikisa kichwa. "Mimi sijalitaja popote."

"Mulungu anakupenda, mwanangu. Basi jini halijui. Atakayekuja kwa jina hilo ndiye mumeo. Mvute. Na akishatoka, mawe yarudi papo hapo. Jini akilipata jina la mtu aliye bado humo majini, mtu huyo ni mali yake."

Jamnadas alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akacheka. "Kumbe jini ana faida! Miaka yote hii nakubembeleza, leo utanitaja."

Gomti alijaribu kucheka naye. Midomo ilikataa.

Vibarua waliitwa, wakasimama kando ya rundo la mawe. Jua lilipofika utosini, Gomti alimfunga mumewe kiunoni kwa mara ya mwisho. Alikaza fundo mpaka vidole vikamuuma. Alitaka kumwambia neno, neno lolote, lakini kila lililomjia alilijua jini, kwa hiyo alimpangusa tu jasho la shavuni kwa sari yake. Jamnadas akashuka vidato. Ua likafunikwa, sahani ikafunikwa.

Kahonzi alimwaga dawa yake, majani yaliyopondwa pamoja na mavumba, unga wa dawa wenye harufu kali, huku akisema maneno ya chini chini ambayo hata Nyevu hakuyafahamu yote. Maji yakageuka meusi. Jamnadas alikuwa amesimama katikati, maji yakimfika kifuani, kisha hakuwapo. Kamba ikaenda mbio, ikakazika, nguzo ikainama, na Gomti na Nyevu wakaikamata, nayo ikawa inavuta huku na huku, mara nzito kama jiwe, mara nyepesi, mara kama kwamba inashikwa na mikono minne, na harufu ya kafuri ikapanda kutoka kwenye yale maji meusi ikawajaa kooni mpaka vibarua wawili wakakimbia wakiacha makoleo yao, na Kahonzi akapiga kelele, "Ita! Ita sasa!" na Gomti akafungua kinywa aite.

Jina lilikuja. Lilifika kwenye meno. Akamwona shangazi yake amekaa sakafuni, bangili zinavunjwa mkononi mwake. Akamsikia mamaye akisema kila ulitamkapo, kila ulitamkapo. Akafikiri kwamba mtu yule chini ya maji hakuwa na siku nyingi zilizobaki, pengine alikuwa na moja, pengine alikuwa na saa moja tu, na kwamba yeye ndiye angeikata kwa ulimi wake mwenyewe. Ulimi ukamganda.

"Ita, mwanangu!"

Gomti aliita kwa nguvu zake zote, kwa lugha ya kwao. Aliita, "Baba Labhu!"

Kahonzi hakujua Kihindi. Alidhani ndilo jina, na Nyevu, akihangaika na kamba, hakusikia lililotajwa.

Kamba ikawa nyepesi mara moja. Jamnadas akatokeza karibu na vidato, akapanda kwa miguu yake, mzima, maji yakimchuruzika, ncha ya kamba mkononi. Fundo lilikuwa limefunguka. Gomti aliliona hilo, na kwa vile furaha ilikuwa imekwisha kumjaa, hakuliuliza swali lolote. Alimkumbatia mbele ya vibarua, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi.

"Mawe!" alisema Kahonzi. "Haraka!"

Mawe yakaanza kuporomoshwa. Maji yalikuwa meusi, yamechafuka, na sahani haikuonekana. Gomti hakuitafuta.

Jioni birika lilikuwa limejaa mawe tena, na Kahonzi akaondoka na mbuzi wa ujira wake. Alimwachia Gomti mfuko wa majani na maagizo: baada ya siku saba ayachemshe, mgonjwa akae ndani ya maji yake mpaka yapoe, na mambo yatakuwa yamekwisha.

Siku zile saba zilikuwa za raha. Jamnadas alikuwa mpole. Alikula vizuri, akalala bila kugeuka, na kifua chake kilikuwa kimya, bila filimbi, bila kikohozi. Majirani walikuja kumpongeza, wakasema hawajapata kumwona na afya namna ile. Alizungumza kidogo kuliko zamani. Alimwita mkewe Mama Labhu, kwa upole, kila mara, na hakumchokoza tena kuhusu lile jambo la jina. Gomti aliona ni ugonjwa umemfundisha utu uzima. Lakini siku ya tano alimkumbusha maembe ya Labhuben, na mumewe akamtazama kwa adabu, kama mgeni aliyeulizwa habari za watu asiowajua.

Siku ya saba alichemsha majani. Chumba cha kuogea kilikuwa nyuma, dirisha lake linatazama uani kwenye mawe. Hawakuwa na chombo cha mtu mzima kukaa, kwa hiyo Nyevu alileta nusu ya pipa la mafuta kutoka ghalani. Gomti alilijaza maji ya dawa huku akiwaza mambo mengine, akalijaza mpaka mdomoni.

"Mama, umezidisha," alisema Nyevu. "Bwana akiingia, chumba kizima kitalowa."

"Hakuna neno. Utapangusa."

Nyevu akaenda kutafuta tambara. Jamnadas akaingia, akavua shuka, akakanyaga ndani ya pipa mguu mmoja, kisha wa pili, akaketi, akajinyoosha, mpaka maji yakamfika kidevuni.

Hakuna tone lililomwagika.

Gomti alisimama na kata mkononi. Aliutazama mdomo wa pipa. Maji yalikuwa palepale yalipokuwa, yametulia, hayakupanda hata upana wa uzi, na mwili ule mkubwa ulikuwa umeketi ndani yake ukimtazama kwa upole. Akalikumbuka ua la buluu. Akaikumbuka sahani ambayo hakuitafuta, na lile fundo, lile fundo la babaye ambalo halifunguki likiwa limelowa, na kifua kisichopiga filimbi, na akajua alimwita nani, na ni nani aliyefunikwa kwa mawe.

Aligeuka dirishani. Uani hapakuwa na mtu. Mawe yalikuwa meupe kwa jua la adhuhuri.

"Jamnadas," alisema.

Ndiyo mara yake ya kwanza maishani, na sauti ilimtoka kama ya msichana. Aliyekuwa ndani ya pipa hakugeuka. Lakini chini ya mawe, mbali sana, mtu akakohoa: mara mbili kwa ufupi, na mara moja kwa mkwaruzo mrefu.

Gomti aliangusha kata. Aliukamata ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Jamnadas!" aliita, na kikohozi kikajibu tena, chepesi zaidi, mara mbili fupi, na ile ndefu haikufika mwisho. Akamkumbuka mamaye. Alitaka kunyamaza asimpunguzie, na alitaka kuita asije akadhani ameachwa, akalia kwa sauti, na akaita kwa mara ya tatu kwa nguvu zake zote, akasikiliza, akasikiliza, na chini ya mawe kulikuwa kimya.

"Naam," akaitika yule wa ndani ya pipa.